Nguzo Nene za Vidrigne

Milano, 10 Aprili 1976

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Mimi mzima, ila usingizi haba. Ile taa yangu ya mezani imependwa, na kiwanda kinataka nikichoree taa na viti moja kwa moja. Nitakubali. Kazi ya kujenga naiacha, Mama. Taa ikiharibika mtu hununua nyingine; jengo likianguka, watu watanunuliwa wapi? Ile chekechea niliyokijengea kijiji chetu itakuwa ya kwanza na ya mwisho. Hata nguzo zake nilizinenepesha kwa woga tu, na wenzangu hapa bado wananicheka.

Mwanao,
Elvio

Vidrigne, 25 Aprili

Mwanangu Elvio,

Marahaba. Goti huuma mvua ikinyesha, yaani kila siku. Unadhani wanakucheka Milano tu? Jirani yangu Gigia, kila tukipita chekecheani, huniuliza, "Noemi, mwanao alitaka shule au ngome?" Juzi nikamjibu, "Mumeo alijenga banda, kuku wenyewe wakakataa kuingia!" Ila nilipofika nyumbani nilihuzunika. Marehemu baba yako alitembea kifua mbele siku ulipofuzu usanifu wa majengo. Sikulazimishi. Fikiri tu kabla hujatia saini.

Mama yako

Milano, 7 Mei

Mama,

Redio inasema ardhi ilitetemeka huko jana, vijiji vimelala chini. Simu haiingii. Nilikimbilia stesheni, treni hakuna. Barua hii nampa dereva wa lori la mablanketi. Tangu alfajiri nazipitia zile nguzo kichwani, nondo kwa nondo. Nani alikuwa ndani? Andika hata neno moja.

Elvio wako

Vidrigne, 11 Mei

Mwanangu,

Tuko hai. Kengele ya kanisa iko barabarani, na nyumba yetu ni kifusi. Tumezika majirani; majina nitakutajia ukiwa umekaa. Sisi wanawake wa kwaya tulikuwa chekecheani, kwenye mazoezi. Sakafu iliruka kama farasi. Gigia aliikumbatia nguzo akipiga kelele, "Usiniachie! Usiniachie!" Haikumwachia. Vioo vimevunjika, ukuta mmoja umepata ufa, basi. Mainjinia wamekagua, wakasema tukae. Sasa kijiji kizima tunalala humo, na polenta, ule ugali wetu wa mahindi, tunaipika uani.

Woga wako ndio uliotubakiza. Meya anauliza ni nani atakayetuchorea nyumba mpya. Nimemwambia ninaye mtoto mwoga.

Mama yako

Milano, 15 Mei

Mama yangu,

Shikamoo, shikamoo, na tena shikamoo. Barua yako niliisomea ngazini. Nikakaa papo hapo, nikalia mpaka bawabu akaniletea glasi ya pombe kali ya grapa, akidhani nimefiwa. Nikamwambia, "Sijafiwa, mzee!" Akainywa yeye.

Kiwandani nimewaambia wanisubiri. Wakishindwa, shauri yao. Nafika Jumapili. Nitandikieni popote humo ndani, hata sakafuni. Unajua, Mama, sijawahi kulala ndani ya jengo nililolichora mwenyewe.

Mwanao,
Elvio