Mapigo ya Mkono wa Kushoto

Mdogo wangu,

Siku kumi na tisa wodini, hukunikanyagia hata mlango. Haya, yamepita.

Mshipa mkuu juu ya moyo ulikuwa umevimba milimita sitini na tatu, kama wa marehemu baba. Mimi fundi bomba niliwaelewa madaktari: walifungua kifua, wakahamisha matawi yaendayo kichwani, kisha wakapitisha bomba jipya kutokea pajani, ndani ya lile bovu. Tawi la mkono wa kushoto likazibwa.

"Dada, huku usitafute mapigo," muuguzi alinitania. "Mkono umestaafu."

Lakini tangu Jumatatu unapiga. Kulia sabini, kushoto mia na nne. Daktari alishika, hakusikia kitu. Jana uliponipigia simu ukihema, unapanda ngazi, yalifika mia na thelathini. Ulipokaa, yakashuka.

Ndio mkono niliokushikia utotoni tukivuka barabara.

Leo hayo ya kushoto yamesimama mara tatu, yakarudi. Baba alianguka akiwa na miaka hamsini na miwili. Wewe unayo hamsini na mmoja. Kwenye simu ukisikia hospitali unakata, ndiyo maana naandika. Nuna ukitaka, lakini kapimwe.

Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto nimeulaza mezani, nakusikiliza.

Dada yako