Balbu za Boti ya Ukoo

Nyandira, Mgeta
6 Juni 2005

Mdogo wangu Mikaeli,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi wazima, ila goti la mama linamsumbua na baridi hii. Wewe je? Na mwanangu Emanueli, anakula vizuri huko kwa mjomba wake?

Haya, sasa tugombane. Simu huku mlimani haishiki, la sivyo ungenisikia. Pazi wa lori karudi ananiambia kabichi zangu zimeozea gatini Dar kwa sababu boti imezuiwa. Kisa? Balbu! Jamani, Mikaeli, taa si taa tu? Huku tukitembea usiku tunawasha yoyote ile, mradi tuone tunakokanyaga. Mnunuzi wa Unguja keshasema, tukichelewa tena atachukua kabichi za Lushoto. Nieleze, maana nimechoka kuwa mjinga.

Dada yako,
Veronika

Dar es Salaam
9 Juni 2005

Shikamoo dada,

Pole na hasara, na mama mwambie pole ya goti. Emanueli hajambo, anakula mpaka naogopa.

Dada, taa za boti si za kuona njia. Ni za kuonekana. Kushoto nyekundu, kulia kijani, ili nahodha mwingine ajue tunaelekea wapi. Balbu za zamani zinamaliza betri, nikaenda Kariakoo nikanunua za LED, hazili umeme kabisa. Kosa langu, nilichukua nyeupe zote. Nyuma ya kioo cha kijani zikatoa bluu, na nyekundu ikapauka. Mkaguzi akakataa, na kwa kweli hakunionea. Anataka LED nyekundu kwenye nyekundu, kijani kwenye kijani. Madukani zimebaki nyeupe tu, za rangi zinasubiriwa kuja na kontena la Dubai. Nivumilie wiki mbili.

Mdogo wako,
Mikaeli

Nyandira
11 Juni 2005

Mikaeli,

Salamu utazikuta kwa Pazi, mimi sina nafasi.

Kontena! Mlituambia soko huria likija kila kitu kitapatikana dukani, sasa hata balbu nyekundu mpaka Dubai? Kabichi haijui kontena. Rudisha balbu za zamani, mkaguzi akupitishe, Ijumaa usafiri. Miaka yote zimewaka, leo zimekuwaje? Boti hiyo ni ya ukoo wa mama yetu, na Emanueli nilikukabidhi umfundishe kwa kuwa ataipokea kwako. Huwezi? Basi nitaita kikao cha ukoo tutafute nahodha mwingine. Mimi ndiye mkubwa na nimeshasema.

Dada yako,
Veronika

Dar es Salaam
14 Juni 2005

Shikamoo dada,

Natumaini hasira zimepungua na mmeamka salama.

Nimetii. Balbu za zamani zimerudi na mkaguzi kapitisha. Lakini kuna jambo nilikuficha usije ukakosa usingizi. Kwa balbu hizi betri haitufikishi Unguja. Tukifika katikati ya bahari tunazima taa ili ibaki nguvu ya kuwasha injini ikizimika. Tukisikia mlio wa meli ndipo tunawasha. Mwezi uliopita meli ilitupita karibu mno, Emanueli alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Ndiyo sababu nilikimbilia LED, dada. Si ukaidi.

Neno lako ni neno la ukoo, siwezi kulivuka. Tutaondoka Ijumaa jioni. Ukisema tusiende, mpe Pazi jibu kabla ya hapo, nitashusha kabichi zote.

Mdogo wako,
Mikaeli

Nyandira
18 Juni 2005

Mikaeli mdogo wangu,

Msiende! Barua yako nimeipata leo, Jumamosi. Lori la Pazi lilikatika ekseli pale Sangasanga likalala siku tatu, na kabichi nilikuwa nimeshazipakia kwenye lori la Kibwana bila kujua lolote. Nimeshuka hadi Mzumbe kukupigia, hupatikani. Kama hamjaondoka, tupa kabichi. Kama mmeshafika, bakini Unguja mpaka hizo balbu zipatikane, hata mwaka. Nani alikwambia neno langu linazidi roho ya mtu? Kwa nini hukunigombeza, Mikaeli? Wewe ungenitukana tu ningekuelewa. Mwambie Emanueli mama yake anaomba asipande hiyo boti.

Dada yako,
Veronika

Nyandira
25 Juni 2005

Mikaeli,

Pazi karudi. Barua yangu ya Jumamosi kanirudishia kama nilivyoifunga. Anasema gatini hamkuwepo, na wenzako wanazidi kuulizia kwa kila chombo kinachoingia. Mnunuzi wa Unguja kaleta salamu kwamba bado anasubiri kabichi.

Mama anauliza mko wapi, namjibu kontena limechelewa. Nampa Pazi barua hii pia, aende nayo. Niandikie, mdogo wangu. Hata matusi, andika.

Dada yako