Arugula za Mabeseni Mabovu

Jumapili, 3 Machi
Bahati yangu haina mpinzani. Mkono huu ukigusa udongo, hata njiti ya kiberiti inachipua! Leo nimepanda arugula — majani ya wenye nazo, hayapikwi, yanaliwa mabichi, mbuzi aone wivu. Mbegu kanipa mpishi wa hoteli kubwa, rafiki yangu tangu enzi zangu za malori. Kasema zikikubali atachukua mzigo kila wiki. Basi mama watoto ataacha kufulia watu. Viganja vyake vimebabuka kwa sabuni. Kila nikiviona najifanya natafuta miwani.

Nimepanda kwenye mabeseni yake yaliyopasuka. Kila mbegu nimeizamisha kidole kizima, kama mahindi. Mbegu ni mbegu.

Jumatano, 13 Machi
Kimya. Mama watoto kauliza kama nilipanda au nilizika. Nikamwambia mkono wa bahati hauna papara. Nikaenda zangu kwa kinyozi, nikawahutubia wateja wake kilimo cha kisasa mpaka kinyozi akanikata sharubu upande mmoja.

Jumatatu, 18 Machi
Zimeota! Zimebanana kama watoto kitanda kimoja. Kinyozi kaja kushuhudia, na sasa mtaa mzima unaniita Mkono wa Neema. Sikatai. Mama watoto kacheka tu, karudi kwenye nguo za watu.

Jumamosi, 20 Aprili
Nimempelekea mpishi fungu moja. Katafuna, kafumba macho. Kasema yanawasha kwa adabu. Mwanzoni mwa mwezi atakuja mwenyewe kuona mabeseni, akiridhika tunaanza. Kanipa na pakiti nyingine ya mbegu.

Narudi kifua mbele. Kinyozi anataka kuonja. Muuza mkaa anataka kuonja. Shemeji naye, na mfuko kabisa! Mimi si mchoyo. Nikang'oa, nikagawa, nikang'oa — na mizizi yake. Mama watoto kurudi, mabeseni meupe. Kasema ningekata majani ya nje tu, yangechipua tena. Nikamwambia tulia: mkono upo, mbegu zipo. Nimezamisha pakiti nzima. Kidole kile kile.

Jumapili, 21 Aprili
Kinyozi kakaanga zake. Kasema ni tamu sana, ila zimenywea zote, zimeishia kwenye mwiko.

Jumatatu, 29 Aprili
Udongo umenuna. Namwagilia asubuhi, nabembeleza jioni. Mama watoto kachukua nguo za nyumba nyingine tena. Sikuuliza.

Ijumaa, 3 Mei
Mpishi kafika! Yuko uani, kainamia mabeseni, haoni kitu. Nikasema nafuata maji. Mama watoto akanifuata jikoni.

"Zile za kwanza nilipanda mimi," kasema, taratibu, mpishi asisikie. "Siku ile uko kwa kinyozi. Ulibakiza mbegu kwenye pakiti, nikazimwaga juu juu. Zako hazikutoka hata moja."

Nikauliza kwa nini hakusema.

"Ulikuwa umefurahi mno, baba watoto."

Kafuta povu mikononi, karudi kwenye nguo zake. Mimi nimekaa juu ya ndoo, naandika. Mpishi anaita: anataka kuongea na mwenye mkono. Nimemjibu natafuta miwani. Ninayo usoni.

Anaita tena.

Haya. Mkono wangu hauna bahati yoyote. Haujaotesha hata jani moja.