Balbu ya Sebuleni

Alhamisi, Nyabiyonza

Imewaka, lakini siiamini. Ilizimika jana, na kesho jioni wageni wanakuja kumposa binti yetu Asimwe.

“Baba Asimwe, nunua nyingine,” mke wangu alisema. Mimi nikaifungua kwa kisu. Ndani kuna vitaa vidogo vilivyounganishwa mstari mmoja. Kimoja kilikuwa na doa jeusi, na kikifa kimoja vyote hulala. Nikakiziba kwa tone la lehemu ili umeme upite.

Sasa vilivyobaki vinabeba mzigo wa marehemu, na balbu inachoma vidole. Ikizimika wageni wakiwa wanatafuna punje za kahawa za kuwakaribishia...

“Ni mpya hiyo?” mke wangu ameuliza.

“Inashinda mpya.”

Ameitazama, akajaza kandili mafuta, akaisukuma chini ya kiti changu.