Ulimi wa Kuazima

Jumapili, 3 Machi

Leo nimeitwa jikoni! Niandike upesi kabla sijadhani nimeota. Mheshimiwa — mume wangu, humu namwita hivyo kwa sababu nyumbani neno lake hulipati mpaka uombe kikao — kafungua mlango wa jiko mwenyewe, akasema, Mama, hebu njoo uonje.

Mimi! Miaka yote ya ndoa, akianza kuchanganya vinywaji vyake jikoni hakuingiliki. Ukipita na sufuria unaambiwa unamvuruga pua. Paka wa jirani ana haki kuliko mimi siku hizo.

Alikuwa anatengeneza mai tai, kile kinywaji anachokipenda kuliko vyote. Ramu mbili, ya dhahabu na nyeusi. Maji ya ndimu. Ile pombe tamu ya machungwa. Na sharubati ya lozi anayoipika mwenyewe: analoweka lozi, anasaga, anakamua kwa kitambaa (changu cha bitana, nimenyamaza), anatia sukari, mwisho matone ya maji ya maua ya mchungwa. Barafu kaifunga kwenye taulo akaitwanga kwa mchi. Akachovya mrija, akaziba juu kwa kidole, akanidondoshea ulimini kama mtoto anayenyweshwa dawa.

Koo liliwaka moto. Mimi ni mtu wa chai. Nikasema, Mmh, tamu kweli! Uso wake ukakunjuka. Basi nikasema tena.

Jumamosi mwenye hoteli mpya anakuja hapa hapa kwetu kuonja. Hoteli yenyewe bado imejaa mafundi rangi, kaunta haijajengwa, na mama huyo anataka kumwona mtu akifanya kazi mahali alipozoea. Anatafuta mkuu wa baa. Tangu baa aliyokuwa akichanganya vinywaji ifungwe, Mheshimiwa anashinda kwenye kiti cha dirishani. Halafu yakaja yale mafua makali yakamlaza kabisa. Nimeona mtu mzima akisinyaa mbele ya macho yangu. Kazi hii akiikosa sijui atainukaje tena.

Lakini leo alikuwa anapiga mluzi.

Jumatatu, 4 Machi

Kaniita tena! Na maswali, kama daktari. Ndimu inakata? Lozi zinasikika mwanzoni au mwishoni? Maua je? Nilijibu kwa kujiamini mpaka nikajishangaa. Nikasema maua ongeza, yananoga. Kwa kweli nilikuwa napenda tu vile anavyosogea karibu kunisikiliza. Akaongeza. Nikasema sasa ndiyo yenyewe.

Nimeacha gauni la harusi la mteja kwenye cherehani, mkono mmoja umeshonwa na mmoja bado. Bibi harusi atanisamehe. Na mimi leo nimejisikia bibi harusi.

Jumatano, 6 Machi

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilibandika maziwa, nikaenda kuanua nguo. Mheshimiwa alikuwa pale pale jikoni, anakata ndimu, mgongo kwa jiko. Harufu ya maziwa kuungua nimeisikia mimi niliye uani! Nimeingia mbio, moshi umetanda, yeye anakata ndimu. Aligeuka baada ya mimi kupiga kelele. Akasema alikuwa na mawazo.

Sawa. Mawazo yapo. Nikasugua sufuria yangu.

Halafu mchana nikafungua chupa ya sharubati ya lozi ile ya kwanza. Ilikuwa imeharibika! Uvundo uliniingia mpaka machoni. Na asubuhi hiyo hiyo nilimwona anainusa, akatikisa kichwa kuridhika, akairudisha mahali pake.

Hapo nikataka kumjaribu.

Nikajipulizia manukato, mengi, ya kufukuza mbu. Nikapita mbele yake. Hakusema kitu. Lakini hiyo si hoja, mwanamume gani aliyeoa kitambo husema? Ndipo nikafanya jambo ambalo bado linanichoma. Nikamimina siki kwenye kikombe kidogo. Siki tupu! Nikampelekea. Nikasema, baba, haya maji ya maua bado mazima?

Alikipokea kwa mikono miwili. Akakisogeza puani, akafumba macho kama anavyofanya siku zote, akavuta pumzi taratibu. Akasema, Mazima. Yanasikika kwa mbali, lakini mazima.

Nikachukua kikombe nikaondoka. Nilikaa chooni, maji ya bomba nimeyafungulia yamwagike, nikalia.

Mafua yameondoka na pua yake. Mchanganya vinywaji! Mtu ambaye zamani ukimpitishia glasi mbele ya uso anakwambia ni ramu ya aina gani na imekaa pipani sana au kidogo. Na amelibeba peke yake, hakuniambia hata mimi ninayelala ubavuni pake.

Kumbe ndiyo maana naitwa jikoni. Si mapenzi. Alikuwa anahitaji ulimi, na wa karibu ulikuwa huu wangu.

Na huu wangu umemdanganya tangu siku ya kwanza! Mimi nilikuwa namvika kilemba cha ukoka ili atabasamu, kumbe mwenzangu anapima dawa kwa maneno yangu. Kila niliposema tamu, yeye kaandama huko huko. Sasa kinywaji hicho kinafananaje? Sijui. Hata sikuwa nakionja, nilikuwa nakimeza.

Alhamisi, 7 Machi

Wifi kaja. Dada mkubwa wa Mheshimiwa, tunamwita Redio, huna haja ya kuuliza kwa nini. Kakuta glasi imepambwa kwa majani ya nanaa, kainyanyua, kapiga funda. Kalitema kwenye sinki!

Akasema, We mdogo wangu, umetia sabuni humu? Nguo za nani unafua?

Mheshimiwa akacheka. Alicheka kabisa, kwa raha. Akasema, dada, wewe unajua soda tu, hii imepimwa na mke wangu. Akanigeukia. Si ndiyo, mama?

Wote wawili wananitazama. 

Nikasema ndiyo.

Nitailaani ndiyo hiyo mpaka nizeeke.

Ijumaa, 8 Machi

Mheshimiwa kaenda kunyoa kwa ajili ya kesho. Nikajifungia jikoni. Nikachanganya kwa vipimo vyake nilivyomwona navyo, nikaonja. Nimeonja kweli, kwa mara ya kwanza, nikakiacha kinywaji kitembee mdomoni kabla sijakitema. Wifi kasema kweli. Maua yamefunika kila kitu, mdomo unabaki kama umetafuna kipande cha sabuni ya kuogea. Lozi hazipo. Ndimu inalia kwa mbali, haina msaada.

Nikapika sharubati nyingine, matone machache tu ya maua. Nikazidisha ndimu. Nikaonja, nikarekebisha, nikaonja. Mafunda yote sikuyatema, nakiri. Nikafika mahali nikasimama. Ramu ilikuja kwanza, nzito, halafu ndimu ikaisukuma, halafu lozi zikabaki nyuma, taratibu. Nikasema peke yangu, kwa sauti, kumbe hiki ndicho alichokuwa anakipenda huyu mtu.

Nikarudi kwenye cherehani nikashona zipu ya bibi harusi juu chini. Nimefumua yote.

Alivyorudi nikapiga moyo konde. Nikaanza kwa mbali: yale mafua yako, baba, yaliisha vizuri? Akasema yaliisha zamani. Nikasema, maana yanaweza kuacha mambo. Akasema, mama, shati langu jeupe limepigwa pasi? Mlango ukafungwa hivyo.

Halafu tukiwa mezani, bila kuinua macho, akasema: Una ulimi mzuri. Ningejua mapema ningekuita siku nyingi.

Sasa mtu anaanzia wapi kusema hapo!  Nikamsifu kinyozi.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika nimesimama, chumbani. Nimesema nimekuja kuchukua vitambaa vya mezani. Vitambaa ninavyo mkononi.

Wamefika. Mwenye hoteli, mama mfupi mwenye sauti tulivu, na mhasibu wake aliyekalia kile kiti cha dirishani. Wana adabu, wamesifu pazia. Mheshimiwa kavaa shati jeupe, kasimama nyuma ya meza ya jikoni tuliyoisogeza hadi sebuleni, na mikono yake! Nilikuwa nimesahau mikono yake kazini. Katikisa kopo la kuchanganyia mpaka likatoa ukungu. Mama yule kaacha hata kuongea.

Kabla ya kuwamiminia, kachovya mrija. Kaniletea. Kawaambia wageni kwa fahari, huyu ndiye mpimaji wangu.

Nikaonja. Sabuni.

Sharubati yangu niliificha nyuma ya unga, sikuwa na ujasiri wa kumwambia ipo. Yeye katumia ile yake mpya, ya maua mengi. Nikawaza, nikisema tamu, watakunywa na kazi imekwenda. Nikisema kweli, namvunjia heshima mbele za watu.

Nikasema polepole, karibu na sikio lake: Maua yamezidi. Yalizidi tangu Jumatatu. Kuna chupa nyingine nyuma ya unga, tumia hiyo, na ndimu zidisha.

 Akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa hiyo siku zote hizo ulikuwa unanidanganya?

Nikamwambia, na wewe je? Ile ya Jumatano ilikuwa siki, baba. Nilikupa siki.

Sijawahi kuuona uso wake hivyo. Hakukasirika. Alikuwa kama mtu aliyevuliwa shati barabarani. Mwenye hoteli kauliza kama kuna tatizo. Nami, mwoga mimi, nikasema vitambaa! Nikakimbilia huku.

 Mhasibu kakohoa. Sasa nasikia anamwaga kopo kwenye sinki. Anaosha. Kabati la unga limefunguliwa — linalia bawaba, nalijua. Mchi kwenye taulo, barafu inatwangwa upya. Anatwanga kwa nguvu mno. Mama yule kasema kitu, sikukipata.

Kopo linatikiswa. Limetulia.

Ananiita. Kwa sauti kubwa, ya kufika chumbani, na sebule nzima inasikia:

"Mama, njoo unionjee. Mimi pua yangu haisikii kitu tangu niugue."

Kayasema! Mbele yao!  Kiti cha dirishani kimelia, mtu kainuka, au kakaa vizuri, sijui.

Ananiita tena. Naweka kalamu. Naenda.