Wiki Tatu na Kompyuta Yako ya Zamani

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na wifi yangu na watoto. Hamjambo? Kifua cha yule mdogo kimetulia, au bado anakohoa? Mara ya mwisho wifi aliniambia mnambadilishia dawa, na tangu hapo sijasikia lolote. Mkinijibu, anzeni na hilo.

Sisi tupo. Nikisema wazima nitakuwa nimetia chumvi, lakini tupo. Shemeji yako bado analinda lango la kiwanda, zamu ya mchana. Mimi bado niko kwa dobi, napiga pasi mashuka ya hoteli kutwa nikiwa nimesimama, na nikirudi nyumbani miguu imeumuka kama unga uliotiwa hamira.

Mama anakula, analala, mkono wake wa kushoto una nguvu. Wa kulia haujarudi, na maneno nayo hayajarudi, au tuseme hayajarudi kwa njia tuliyoizoea. Hilo ndilo lililonikalisha kitako na kalamu. Nimejaribu mara mbili kukuandikia kwenye simu, nikafuta.

Pale hospitali kuna dada anayewafundisha kusema upya watu waliopata kiharusi. Mwezi uliopita aliniita pembeni akanipa flashi yenye programu. Programu hiyo inaweka picha kwenye skrini: maji, chakula, maumivu, choo, ndiyo, hapana, na nyingine nyingi. Fremu nyekundu inapita polepole, picha moja baada ya nyingine, na mgonjwa anabonyeza kitufe kimoja tu fremu inapofika anapotaka. Kompyuta inalitamka neno kwa niaba yake. Simu yangu isingefaa, mkono wa mama unatetemeka na picha zingekuwa kama punje za mchele.

“Kompyuta mnayo nyumbani?” akaniuliza.

“Ipo ya mdogo wangu. Ya zamani lakini.”

“Haidhuru. Ni kazi ya dakika kumi.”

Dakika kumi! Mdogo wangu, imenichukua wiki tatu, na mwili wangu unasema ni miezi mitatu.

Nilianza Jumamosi moja baada ya kumwogesha mama. Nikatoa shuka lililofunika kompyuta yako, nikaipangusa, nikaiwasha, ikanguruma kama pampu ya maji. Nikachomeka flashi, nikabofya. Ikaniambia nafasi haitoshi. Nikafungua kuangalia kilichoijaza: mechi zako! Mechi za mpira mia mbili na kitu, zote zimeshachezwa, matokeo yanajulikana, na hata wachezaji wenyewe wameshaota vitambi. Nimezifuta zote. Uninunie ukitaka, sina nguvu ya kubembeleza mtu.

Kuna folda nyingine uliyoiita “Usiguse”. Nimeigusa. Kuhusu yule msichana mwenye gauni la njano, mimi sijaona kitu, na nakuomba ukurasa huu wifi asiusome. Nimeihamishia kwenye flashi nyingine pamoja na picha zako za chuo, nimezifungia kabatini.

Nafasi ilipopatikana nikajaribu tena. Safari hii ikasema programu ni mpya mno kwa kompyuta hii. Nikasubiri siku yangu ya mapumziko, nikarudi hospitali, nikapanga foleni pamoja na wagonjwa wa kweli ili nipate dakika tano za yule dada. Akasikitika. Akaniambia toleo la zamani analo mwenzake, na mwenzake yuko likizo. Nikaenda tena wiki iliyofuata, nikalipata.

Hilo la zamani ndilo lililonitoa machozi, kwa sababu lilinipa matumaini kwanza. Ule mstari wa kijani ulikuwa unajaa, unajaa, unafika tisini na kitu kwa mia, halafu unasimama na maandishi yanatokea kwamba kuna faili inayokosekana, itafutwe kwenye intaneti. Naunganisha intaneti ya simu yangu, naitafuta, kompyuta inakataa kuipakua. Inasema tovuti haiaminiki. Nazima, nawasha, naanza upya. Nilihesabu mara kumi na moja. Kila mara mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha magurudumu nyuma yangu, anautazama ule mstari pamoja na mimi. Mstari ukikaribia mwisho ananyanyuka kidogo kitini. Ukikwama, anajiegemeza tena. Hilo la kujiegemeza ndilo nililoshindwa kulivumilia.

Mara ya kumi na moja nikamgombeza. Nakuambia wewe kwa sababu sijamwambia mtu mwingine. Nilimwambia, “Usinitazame hivyo mama, mimi ni mpiga pasi, sikusomea mambo haya!” Akainamisha kichwa. Nikatoka nje nikasimama kwenye kamba ya nguo, nikawa napanga upya vibanio vya nguo ambavyo havikuwa na kosa lolote.

Shemeji yako aliporudi akanikuta hapo hapo. Aliingia ndani, akamlaza mama kitandani, akaja na simu yake, akampigia Fundi Subira. Unamkumbuka, yule tuliyempa jina hilo kwa sababu hana hata chembe ya subira. Siku hizi anatengeneza simu tu, kompyuta kubwa hazigusi, anasema zimemvunja mgongo. Akakubali kunisikiliza kwa simu.

Nikamsomea maandishi yote kutoka kwenye daftari, maana nilikuwa nimeyanakili herufi kwa herufi. Hakuniacha nimalize.

“Dada, angalia pale chini pembeni. Saa inasema nini?”

“Inasema saa nane usiku.”

“Sasa hivi ni saa ngapi?”

“Saa kumi na moja jioni.”

“Haya, na mwaka?”

Nikasogea, nikasoma. Mwaka ulikuwa wa nyuma, miaka kumi na mmoja nyuma. Kwa kompyuta hii baba bado yu hai, na mama yuko jikoni anaimba.

“Upo?” Fundi akauliza.

“Nipo.”

“Betri ndogo ya ndani imekufa. Kila ukizima inasahau tarehe. Sasa ukienda kwenye intaneti, vibali vya tovuti vyote vimeandikwa vya mwaka huu, yenyewe inaona ni vya miaka ijayo, inavikataa. Ni kama kumwonyesha kondakta tiketi ya mwakani. Badilisha betri, weka tarehe, acha kunisumbua.”

Wiki tatu nzima, kumbe ni saa! Betri yenyewe ni duara dogo kama kifungo cha koti. Shemeji yako alilifungua sanduku la kompyuta kwa bisibisi ya jirani, akatoa vumbi la kujaza kikombe na mjusi mmoja mkavu, akaipachika mpya. Nikaweka tarehe ya siku hiyo. Nikabofya. Mstari wa kijani ukajaa, ukafika mia, ukatoweka. Sikushangilia. Nilikaa tu nikiangalia skrini, maana mwili ulikuwa umezoea kukwama, haukujua ufanye nini baada ya hapo.

Halafu ikawa haina sauti. Naam. Picha zinakuja, fremu inatembea, kimya. Nilitaka kuibeba niitupe dirishani. Shemeji yako akakohoa kwa aibu, akainama nyuma ya meza, akahamisha waya wa spika kutoka tundu la pinki kwenda tundu la kijani. Yeye mwenyewe ndiye aliyeuchomeka vibaya wakati wa kurudisha sanduku. Nikamtazama. Akasema anakwenda kuangalia kama lango limefungwa.

Sasa sikiliza neno la kwanza alilosema mama yetu baada ya miezi minane.

Ilikuwa Jumapili iliyopita asubuhi. Nilimsogeza mezani, nikamwekea mkono wa kushoto juu ya kile kitufe kirefu cha chini. Fremu ikaanza kutembea. Akaikosa mara ya kwanza, akaikosa ya pili, jasho likamtoka puani. Mimi nilitegemea “maji”, au “maumivu”. Nitakuwa mkweli, nilitegemea “asante”. Akasubiri fremu ikazunguka skrini nzima, akabonyeza, spika zikasema: “Redio.”

Nikafurahi, nikainuka kumwashia. Nyuma yangu spika zikasema: “Hapana.”

Nikageuka. Akabonyeza tena. “Redio. Hapana.” Na jicho alilonikata, mdogo wangu, lilikuwa lile lile la zamani tulipoingia ndani na matope.

Miezi minane nimekuwa nikiiwasha redio kila alfajiri kabla ya kwenda kazini, sauti juu, ile stesheni ya mahubiri na matangazo ya mbolea, nikidhani namwachia mwenzi. Mama Jirani anayeshinda naye ana uziwi kidogo, hawezi kujua. Nikirudi jioni namkuta ananguruma, nampa dawa ya maumivu. Nilikaa sakafuni nikacheka mpaka nikalia, na yeye akacheka kwa upande ule wa mdomo unaocheka. Nikamwomba msamaha, wa redio na wa ile siku niliyomgombeza. Fremu ikazunguka, akasema: “Ndiyo.”

Tangu hapo hanyamazi. Dirisha wazi. Soksi hapana. Dada wa hospitali alinionyesha namna ya kuongeza picha zetu wenyewe, kwa hiyo nimetuweka wote: mimi, shemeji yako, shangazi, wewe.

Na hapa ndipo penye barua yenyewe. Tangu Jumatano mama anabonyeza picha yako, halafu “simu”. Picha yako, “simu”. Siku ya kwanza nikamwambia uko kazini. Siku ya pili nikamwambia mtandao mbaya. Jana akabonyeza picha yako, “simu”, halafu “lini”, na sikuwa na uongo mwingine uliobaki.

Najua kwa nini hupigi. Ile mara ya mwisho nilipomwekea simu sikioni na ukasikia ile sauti ikimtoka, ulikata, na tangu siku hiyo unanipigia mimi nikiwa kazini, unasema nimfikishie mama salamu. Nilikukasirikia, nisikufiche. Kuna jioni nimekutukana peke yangu huku nafua. Lakini mimi nami nilikuwa natoka chumbani akianza kunguruma, nasingizia sufuria iko jikoni. Tofauti yetu ni kwamba mimi nililazimika kurudi ndani. Hasira imeniisha, mdogo wangu. Imechoka kama mimi.

Basi piga Jumamosi, saa kumi jioni, siku ambayo siendi kazini. Nitakuwa nimeiwasha kompyuta mapema, maana inachukua robo saa kuamka, na simu nitailaza karibu na spika. Umwulize mambo yanayojibika kwa ndiyo na hapana, halafu umwache naye aseme yake. Mweleze habari za watoto. Mwambie na habari za mechi zako, atacheka.

Msalimie sana wifi yangu, mwambie gauni alilonitumia limenikaa sawasawa. Wabusu watoto wangu hao, na yule wa kifua umpakate kwa niaba yangu. Shemeji yako anakusalimu, shangazi anakusalimu na kulalamika kwamba umemsahau. Mungu awafunike, awalinde mnapotoka na mnaporudi, na atupe sote nguvu ya kesho, kwa maana ya leo tumeshaimaliza.

Ukisikia kimya kirefu, usikate. Fremu inatembea na mama anaifuata kwa macho, mpe muda ifike. Halafu sauti itakayokujibu itakuwa ya mwanamume, nzito, kama mtu mwenye mafua. Usishtuke ukadhani umekosea namba. Huyo ndiye mama.

Ni mimi wako akupendaye, hata siku za kukugombeza,
Dada yako.