Jina Hilo Sikutajii, Mama

Waithaka, Nairobi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai maumivu ya goti yamekupungua na kikohozi hakijarudi na baridi hii ya kusi. Mimi mzima wa mwili, alhamdulillahi. Moyo ndio hauko sawa, na sitakuficha: nimekasirika, na wewe ndiye ninayekukasirikia. Naandika kwa sababu kwenye simu ningelia, nawe ungenibembeleza mpaka nikanyamaza.

Mama, wazee wa Idarusi walikuja kwako na posa kwa adabu zao, wakarudi Malindi mikono mitupu. Ukaniambia Maalim amepiga hesabu ya majina, langu na lako, la Idarusi na la mama yake Mwanakombo, akaona nyota ya mwanamume ni moto na yangu ni maji, ndoa haifiki mwaka. Basi, yamekwisha. Mtu mpole, anayeswali, anayekata vioo vya miwani hapa Nairobi mjini kutwa nzima, kakataliwa kwa kujumlisha herufi!

Nilikutii. Niliswali istikhara, nikalala nikingoja ishara. Nikaota niko stoo nakunja mapazia ya tajiri wangu. Nikaswali tena, nikaota mapazia yale yale. Hiyo nayo ni ishara gani?

Nikamweleza Wambui, ninayeuza naye dukani. Akacheka. "Wee Zuhura, si uolewe tu! Hiyo mambo ya nyota ni uongo, na hakuna kitu imeandikwa popote. Mtu anajichagulia life yake."

"Umejuaje?" nikamuuliza.

"Ah, si inajulikana tu."

Nikaudhika naye pia. Wewe unajua kwa kuwa Maalim kasema, na yeye anajua kwa kuwa inajulikana. Asiyejua ni mimi peke yangu, na mimi ndiye wa kuolewa.

Juzi nilikutana na Idarusi Dagoretti Corner, kwenye kibanda cha chai. Siku zote nilikuwa nikimficha sababu ya kukataliwa, kwa haya. Siku hiyo nikamwambia yote. Aliposikia jina la Mwanakombo akaweka kikombe chini.

"Mwanakombo ni mama mdogo," akasema. "Mamangu alifariki kabla sijaanza kutambaa, ndugu yake akanilea. Mimi namwita mama na mtaa mzima wamjua ni mamangu. Lakini hakunizaa."

Mama, hesabu ile hutaka jina la mama mzazi. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha. Shangazi, aliyewatafutia jina hilo, aliuliza kwa majirani zao wa Malindi, wakamjibu walivyozoea, na hakuna aliyeuliza mara ya pili. Mwanamume wa moto mliyemkataa hayupo duniani! Nilicheka mpaka mwenye kibanda akanigeukia, kisha nikalia.

Nakujua. Ukifika mstari huu utakuwa umeshavaa buibui uende kwa Maalim na jina jipya. Idarusi amenitajia, ninalo, na nilitamani sana kukuletea ili hesabu itoke njema, mambo yaishe. Lakini ikitoka mbaya, nimwache? Na ikitoka njema, utakuwa umemridhia yeye au hesabu? Kama Mungu ameshaandika, sidhani anamngoja Maalim amalize kujumlisha. Hilo naliamini tu, sina ushahidi nalo, na sitajifanya ninao. Nimechoka na watu wanaojifanya wanao.

Kwa hiyo jina hilo sikutajii, Mama, na Idarusi nimemwomba asimtajie mtu. Atakuja kwako yeye mwenyewe Ijumaa, pamoja na huyo mama mdogo wake. Mtandikie mkeka, muulize unavyotaka: akikasirika huwaje, atanitunza vipi, kwa nini mimi. Mtazame usoni. Ukimkataa baada ya hapo nitalia sana, lakini nitajua aliyekataa ni mamangu, si tarakimu.

Nisalimie Bibi, umwambie kanga zake nimezipata. Kaka Abudi naye salamu, apunguze uvivu wa kupiga simu. Na Shangazi mwambie sina kinyongo naye, ila Ijumaa asikae karibu na wageni, maana ataanza kuuliza majina.

Mwanao, awe maji asiwe maji,
Zuhura